Mchanga wa Karema, Maji ya Katuma: Mjadala wa Mwamkulu Kuhusu Ufukwe Safi

Mwamkulu haina ufukwe. Kata hii ya Manispaa ya Mpanda ina majaruba ya mpunga, mifereji, mabanio na mto Katuma, na mtu wa huku akitaka kuliona Ziwa Tanganyika sharti apande gari kuelekea magharibi hadi Ikola au Karema, wilayani Tanganyika. Hata hivyo ziwa liko Mwamkulu kila siku. Liko kwenye mabeseni ya dagaa na migebuka yanayopitishwa nyumba kwa nyumba, liko kwenye sufuria za jioni, na siku hizi liko midomoni mwa watu kwa sababu nyingine: utalii. Bandari ya Karema, iliyogharimu karibu shilingi bilioni 48, imeshajengwa. Barabara ya kutoka Kagwira hadi Karema imo katika mipango ya lami. Njia zikifunguka wageni hufuata, na mwalo wa wavuvi huanza kuitwa kivutio.

Jambo hili nimelipanga kama mjadala kwa sababu sikuona namna ya kulisema kwa sauti moja bila kumdhulumu mtu. Wazungumzaji ni wa kutunga na nimewaita kwa kazi zao. Hoja zao ni zile zinazowagusa watu wanaoishi kwa maji ya ziwa na ya mto. Swali lililo mbele yao ni hili: ufukwe unaotakiwa kupokea watalii usafishwe na nani, na kwa gharama ya nani?

BINTI (amesomea uongozaji watalii): Shikamooni wazee wangu. Mimi naanza na safari ya mgeni. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Ni kubwa, na wageni wake ni wachache mno ukilinganisha na hifadhi za kaskazini. Mgeni anaona viboko, mamba na nyati, siku zake za porini zinaisha, kisha anauliza atapumzika wapi. Wa Serengeti anapandishwa ndege kwenda Zanzibar, ambako wageni waliopokelewa mwaka 2023 walizidi 600,000. Wa Katavi naye tunampeleka hukohuko, ilhali Ziwa Tanganyika liko karibu, maji yake maangavu na hayana chumvi. Kinachotuangusha ni hali ya mwalo. Hakuna anayetandika taulo juu ya magamba, chupa, nyavu chakavu na vinyesi. Napendekeza kipande cha ufukwe pale Karema kitengwe, kizungushiwe uzio, kiwe na kiingilio na wafanyakazi wa usafi wanaolipwa. Kigoma wanao tayari wa namna hiyo: ufukwe wa Jakobsen, karibu na Katonga, unaingia kwa kulipa, na watu wanausifu kwa usafi.

MAMA (mchuuzi wa dagaa): Marahaba mwanangu. Umesema vizuri, ila hapo unapotaka kuweka uzio ndipo ninaponunulia. Ngoja nikueleze mwalo unavyokuwa. Wavuvi wa dagaa wanatoka jioni, wanavua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanabaki nyumbani. Alfajiri mitumbwi ikigusa mchanga kila mtu ana haraka, kwa sababu dagaa hawasubiri. Wanapimwa, wanalipiwa, wanatandazwa wawahi jua. Wengi bado wanawatandaza chini, mchangani. Jioni wanazolewa, na ukizoa unazoa vyote: mchanga, kipande cha nailoni, uzi wa wavu, kifuniko cha soda. Nikifika nao mjini Mpanda, mteja anachota konzi moja, anasugua kwenye kiganja, anapuliza. Mchanga ukibaki kiganjani bei imeshashuka kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo mwanangu, usidhani mimi ndiye rafiki wa uchafu. Mtalii akikuta ufukwe mchafu ataondoka aende kwingine. Mimi nikiukuta mchafu narudi na hasara, na wiki ijayo narudi palepale.

MZEE (mkulima wa mpunga): Hilo la mchanga nalielewa sana. Zamani tulianika mpunga chini, ukaingia mawe, na mnunuzi akitafuna punje mbili anakushusha bei. Sasa tunatandika turubai. Hakuna aliyetuitia semina ya turubai, Mama. Bei ndiyo iliyotufundisha.

Hapa naingilia kidogo, kwa sababu jambo la Mama lina ushahidi wake upande wa pili wa ziwa. Nchini Burundi, kuanzia mwaka 2004, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliwafundisha wanawake wa mialoni kuanika dagaa juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Dagaa walikauka upesi zaidi, wachache zaidi wakaharibika, na bei ikapanda zaidi ya maradufu. Kichanja hakikubuniwa kwa ajili ya mtalii. Lakini mahali samaki wanapoinuliwa kutoka mchangani, mchanga nao unapumua: inzi wanapungua, magamba na mabaki yanaonekana na kuzolewa, na mwenye kichanja anapata sababu ya kufagia chini yake kila asubuhi. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila anayepanga utalii wa Karema akione kabla hajachora ramani, ni kichanja hicho.

BINTI: Nakubali vichanja, Mama. Lakini nani atamlipa anayefagia ule ufukwe mwingine, usio na kichanja wala mtumbwi? Watu wananilaumu kwa kusema kiingilio. Wangeniambia basi fedha nyingine ya mshahara itoke wapi. Siku ya usafi inakuja mara moja, watu wanavaa fulana, wanapiga picha, wanaondoka. Jumatatu asubuhi ufukwe hauna mwenyewe. Halafu msidharau tulichonacho pale. Karema ina historia ambayo mgeni angeifuata hata bila kuogelea. Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, mapadri wa White Fathers wakaipokea mwaka 1885. Hapo ndipo alipoishi Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao ule hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Mahali kama hapo panastahili kuwa safi hata asipokuja mtalii hata mmoja.

KIJANA (dereva wa bodaboda): Dada yangu, hapo kwenye fulana umenigusa. Mimi napeleka abiria na mizigo, naona. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru, akasema siku hiyo tufanye usafi. Nchi nzima ilishika fagio, yeye mwenyewe akaokota taka. Ilikuwa nzuri sana. Baadaye ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sasa nauliza: taka tukishazikusanya zinapelekwa wapi? Ukiweka pipa mwaloni na hakuna gari la kulimwaga, umetengeneza jalala lenye mdomo. Upepo wa ziwani ukivuma, vyote vinarudi majini. Mimi mwenyewe nikiwa njiani nimemaliza maji, chupa naitupa wapi? Natembea nayo hadi lini?

MZEE: Unaiweka mfukoni, kijana wangu.

KIJANA: Mzee wangu, mfukoni naweka moja. Abiria anayo moja, mwenye mzigo anayo katoni nzima. Lakini nitawaambia chupa ambayo huikuti kando ya barabara hata siku moja: chupa ya soda ya kioo. Mbona ile haitupwi? Kwa sababu ukiondoka nayo dukani umeacha hela ya chupa. Hata mlevi anairudisha. Mtoto akiiokota anaikimbiza dukani. Ile ya plastiki haina dhamana, ndiyo maana haina mwenyewe. Waweke hata kiasi kidogo kwenye kila chupa ya maji, uone kama kutakuwa na chupa Karema. Vijana wa pale watazimaliza kabla hazijagusa mchanga.

Nimeisikiliza hoja hii ya kijana na sioni jibu la kuipinga. Tanzania inajua kuzuia kitu ikiamua. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Mifuko ya plastiki ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Kanuni zikaweka faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo cha hadi siku 7, kwa anayekutwa nayo, na faini za mamilioni hadi bilioni moja kwa mtengenezaji. Zanzibar ilitangulia, mwaka 2006. Mifuko ilipungua kwa namna ambayo kila mwenye macho aliiona. Lakini chupa za maji na soda hazikuguswa, na vifungashio vyepesi vikapata nafasi ya kubeba kilichokuwa kikibebwa na mifuko. Chupa inatengenezwa kiwandani mbali na Karema, faida inabaki mbali na Karema, na chupa tupu inabaki Karema. Tunapomkabidhi ufagio mvuvi bila kumwita mwenye kiwanda kwenye hesabu, tunamtwisha mzigo ambao si wake peke yake.

MWALIMU (anafundisha jiografia): Niongeze kitu ambacho watu wa pwani hawakifikirii na sisi tunapaswa kukifikiria. Bahari ni pana, na mikondo na upepo wa kusi hubeba taka huku na kule. Pwani ya Kenya hutua chupa zilizotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Lamu walijenga jahazi la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, mwili wake wakaupamba kwa maelfu ya kandambili, wakalisafirisha hadi Zanzibar mapema mwaka 2019, wakaliita Flipflopi. Ile ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ziwa letu ni jambo jingine. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, linazidiwa na Baikal peke yake duniani. Nchi nne zinalichangia: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Na pamoja na ukubwa huo, mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi yanayoondoka ziwani yanaondoka kwa kukauka na jua. Maji yanapaa, plastiki inabaki. Kinachoingia Karema hakina mahali pa kwenda.

MAMA: Mwalimu, unanitisha.

MWALIMU: Sikutishi, Mama. Na hiyo ndiyo sababu nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwezi Juni 2003 na kuunda mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura. Lakini mkataba hauokoti chupa. Jambo la pili: huo ufukwe anaotaka binti kuuzungushia uzio haukai mahali pamoja. Wabelgiji walipojenga ngome ile, maji yalikuwa juu. Lukuga ulipofunguka, ziwa likashuka mita kadhaa ndani ya miaka michache, na mwambao ukasogea mbali. Miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena hadi kuingia mitaa ya Bujumbura na Kalemie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni sheria nzuri. Ukijenga hoteli leo mita 60 kutoka majini, maji yakipanda utajikuta umejenga ziwani, na choo chako pia.

MZEE: Sasa nisikilizeni. Nimekaa kimya nikiwaheshimu. Mnazungumza habari za Karema tangu asubuhi. Karema ni halmashauri ya Tanganyika. Sisi ni Manispaa ya Mpanda. Wana mwenyekiti wao, wana BMU yao, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, wana mkurugenzi wao. Mimi mkulima wa Mwamkulu ufukwe wa Karema unanihusu nini? Mto wangu hata hauendi kwenye ziwa hilo.

MWALIMU: Unakwenda wapi, mzee wangu?

MZEE: Unakwenda Katavi, mbugani.

MWALIMU: Na baada ya mbugani?

MZEE: Unaingia Kavuu, hadi Ziwa Rukwa.

MWALIMU: Na Rukwa inatokea wapi?

MZEE: Haitoki.

BINTI: Basi mzee wangu, naomba radhi, ila ufukwe wetu ndio huo. Watalii wa Katavi wanakuja kuona viboko, na wakati wa kiangazi viboko wanajibana kwenye madimbwi ya Katuma, mamia mahali pamoja. Maji yale yamepita kwetu kwanza. Nimeona kwenye mfereji chupa za dawa, zile ndogo za kuua wadudu na zile kubwa za dawa ya majani, zimebaki pale mtu alipojazia bomba lake. Mvua ya kwanza inazisomba. Tunawezaje kumwambia mvuvi wa Karema asafishe kwa ajili ya mgeni, na sisi tunampelekea mgeni huyohuyo chupa za sumu kwa mkondo wa maji?

MZEE: Mwanangu, maneno hayo yananichosha. Kwanza tuliambiwa sisi wakulima tunamaliza maji ya viboko kwa mabanio yetu. Yakavunjwa mabanio. Sasa tunaambiwa chupa. Mpunga huu ndio unaosomesha watoto, pengine na wewe umesomeshwa na mpunga. Chupa ya dawa nimeuziwa dukani. Mwenye duka nikimrudishia haipokei. Nikiichoma, wanasema moshi wake ni sumu. Nikiifukia, ni shamba langu hilohilo. Niambieni niifanye nini, na nitaifanya leo.

Hasira ya mzee ni ya haki, na ya binti pia ni ya haki, na sitazisawazisha kwa maneno matamu. Katuma ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Sasa hukauka sehemu kubwa ya kiangazi, na kilimo cha umwagiliaji juu ya hifadhi ni sehemu ya sababu. Hilo watafiti wameliandika na wazee wenyewe wanalijua. Lakini kumwambia mkulima aache mto bila kumpa njia ya kuendelea kulima ni kuhamisha njaa kutoka kwa kiboko kwenda kwa mtoto. Kuhusu chupa za dawa, jibu ni rahisi kuliko la maji: duka linalouza dawa lipokee chupa tupu iliyosuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudi kwenye bomba na kupigwa shambani, na mgavi anayeleta katoni mpya aondoke na chupa za zamani. Gari lake linarudi tupu.

KIJANA: Hata mimi nitazibeba, alimradi kuna malipo.

MZEE: Sasa umesema neno. Malipo. Ndugu zangu wa juu kule Mwese na Katuma, vijiji vya msitu wa Ntakata, wanalipwa ili miti isikatwe. Inaitwa hewa ya ukaa. Mwanzo tulidhani ni utani. Leo vijiji 8 vinapata mabilioni ya shilingi, wamejenga madarasa na zahanati, na vijana wao wanalinda msitu wakilipwa posho. Wilaya ni hiyohiyo ya Tanganyika yenye Karema. Kwa nini mlinzi wa msitu alipwe, na mlinzi wa ufukwe aambiwe ajitolee?

Huenda msomaji hakutarajia hoja hii itoke kwa mzee aliyesema Karema haimhusu, lakini nimeiweka mdomoni mwake kwa makusudi: anayejua mateso ya kulaumiwa bure ndiye anayeona haraka zaidi pale mwingine anapotumikishwa bure. Ntakata ilifanikiwa kwa mambo ambayo yanaweza kutajwa. Msitu ulipimwa na kujulikana ni wa kijiji gani. Sheria za matumizi zilipitishwa na wanakijiji wenyewe. Fedha zilifika kwenye akaunti ya kijiji, na matumizi yake yakaamuliwa kwenye mkutano. Ufukwe wa Karema hauuzi hewa ya ukaa, lakini una fedha yake tayari, na fedha hiyo inapita mbele ya macho ya kila mtu kila asubuhi.

MAMA: Ushuru. Sema tu, Mwandishi. Kila shehena inayotoka mwaloni inalipiwa ushuru. Mimi silalamikii kulipa. Nalalamikia kuwa nalipa nikiwa nimesimama kwenye tope, na nikitaka kujisaidia natafuta kichaka. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, na wanaume hawaisemi. Wanawake wa mwaloni wanafika alfajiri na wanaondoka jua likizama. Bila choo, ufukwe utakuwa safi kwa muujiza gani?

Mama amefika kwenye kiini, na hapa nataka tukae. Taka ngumu zinaonekana kwenye picha, ndiyo maana zinazungumzwa. Vinyesi havipigwi picha. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba wa mwambao kaskazini mwa Kigoma, wakisubiri kuvushwa. Hapakuwa na vyoo vya kutosha, na maji ya kunywa yalikuwa yaleyale ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua, na watu wasiopungua 30 walifariki, wakiwamo wenyeji. Ziwa lilikuwa lilelile linalosifiwa kwa uangavu. Kagunga ilikuwa hali ya dharura, sawa, lakini kinachoua ni kilekile kinachotokea polepole katika mwalo wowote usio na choo: mtu anajisaidia kando ya maji, na hatua chache mbele mwingine anachota ndoo ya kupikia. Mgeni ana chupa yake ya maji ya dukani. Mtoto wa mvuvi hana.

Kuchimba choo ufukweni nako kuna ugumu wake. Maji ya chini yako karibu, na shimo la kawaida hujaa au kubomoka, kisha huvujia ziwani. Kinachofaa ni choo kilichoinuliwa, chenye tangi linalofungika na kunyonywa, mbali na mstari wa maji na juu ya mahali mafuriko yanapofika. Kinagharimu zaidi ya shimo. Hapo ndipo ushuru unapotakiwa kuonekana.

BINTI: Nikubali kwamba uzio haufai, Mwandishi. Lakini mtu asije akasema basi tuache. Mgeni akifika leo na kukuta kinyesi, hatarudi kuuliza kama mwaka kesho tumejenga choo.

MAMA: Wala mimi sitaki tuache. Nataka ukimpitisha mgeni wako pale, mimi niwepo, dagaa wangu wawe juu ya kichanja, anunue mkononi mwangu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, tulivumilia. Tulikosa biashara miezi mitatu, lakini tulielewa sababu. Mtu akitueleza sababu tunaelewa. Tusichokielewa ni kufukuzwa.

KIJANA: Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu? Vijana wengi tunaombea pikipiki. Kikundi kingeomba guta mbili na mizani, kikawa kinazoa taka za mwalo na kuuza chupa kwa kilo, halmashauri ikikilipa kwa kila safari ya kwenda dampo. Hiyo ni ajira. Nipeni mkataba, mimi ninaweka sahihi.

MZEE: Dampo lenyewe liwepo, kijana. Usije ukazimwaga kwenye korongo, mvua ikakuletea tena.

Nimewaachia waseme walichokuwa nacho, na sasa naweka uamuzi wangu wazi. Ufukwe wa uzio na kiingilio naukataa kwa Karema. Unasafisha kipande kwa ajili ya anayelipa na kuusukuma uchafu kwa asiyeweza kulipa, na ziwa halijui uzio uko wapi. Binti yuko sahihi kwamba usafi unahitaji mshahara wa kila mwezi; amekosea alipoutafuta kwa mgeni ambaye hajafika. Fedha ya kwanza ni ushuru wa samaki. Sehemu inayojulikana ya ushuru wa mwalo wa Karema ibaki mwaloni, ilipe wafagiaji, ijenge choo cha tangi na vichanja, na hesabu yake isomwe kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka, BMU ikiwa mezani. Mtalii akija, malipo yake yaongezwe juu ya msingi huo. Chupa za plastiki ziwekewe dhamana kama za kioo, na hilo ni la serikali kuu na wenye viwanda, kwa kuwa kijiji hakiwezi kumtoza mtengenezaji aliye Dar es Salaam.

Na sisi wa upande huu wa Mpanda hatuna haki ya kuwanyooshea kidole watu wa ziwani kabla ya kusafisha mkondo wetu. Naomba viongozi wa skimu ya Mwamkulu, wauzaji wa pembejeo na wakulima wenyewe wakae pamoja wakubaliane mahali pa kukusanyia chupa za dawa na nani atakayeziondoa. Mvua za Katavi huanza Novemba. Chupa zote za msimu uliopita zinatakiwa ziwe zimetoka mferejini kabla ya hapo.